Onyo Lililo Uzushi

Mwaka 2002 zilienea barua pepe zikionya kwamba faili iitwayo jdbgmgr.exe, yenye picha ya dubu mdogo, ni kirusi cha kompyuta. Kila aikutaye aifute upesi, kisha awaarifu jamaa zake wote. Waliotii waliifuta faili halali ya Windows kwa mikono yao wenyewe. Kirusi hakikuwapo, hofu ndiyo iliyoifanya kazi yake.

Basi, ndugu msomaji, onyo likikuhimiza uharakishe, likataja kampuni kubwa bila kukuonyesha tangazo lake, tena likakuamuru umpelekee kila umjuaye, litilie shaka. Usifute kitu, wala usimpelekee mwenzio. Muulize kwanza fundi umwaminiye. Nia njema haimwondolei mtu dhima ya kueneza uongo.