Kadi Ndogo, Amana Kubwa



Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo mno, nacho ni kadi ya kumbukumbu itiwayo katika simu. Urefu wake ni milimita 15, upana 11, na unene wake milimita 1 tu. Ikianguka mkekani huioni. Walakini humo ndimo watu walimoweka arusi zao, watoto wao walipokuwa wachanga, na sauti za wazee waliokwisha kututangulia mbele ya haki.

Alasiri moja, baada ya watoto kutoka chuoni, mama wa mwanafunzi wangu mmoja alinijia. Alifungua pindo la leso yake akatoa kadi. "Maalim," akasema, "hii ilikuwa katika simu ya marehemu mama. Simu yenyewe haiwaki tena. Humu mna sauti yake akitutajia nasaba yetu, nasi hatukuiandika popote. Simu yangu mpya haina pa kuitia kadi, na fundi ataka niiache dukani hata kesho."

"Usiiache, mwanangu," nikamwambia.

Sikusema hivyo kwa kuwadhania mafundi ubaya. Wengi wao ni watu wa haki. Lakini katika kadi ile ile mlikuwamo picha za mabibi wakiwa ndani, wamejipamba baina yao. Kunakili picha mia ni kazi ya dakika chache, wala hapabaki alama ya kuonyesha kuwa zilinakiliwa. Fundi huenda akawa mwaminifu, na mwanagenzi wake asiwe. Ya nini kumtia mtu katika mtihani huo, ilhali kazi yenyewe yaweza kufanywa nyumbani?

Simu nyingi za siku hizi hazina mahali pa kadi. Hata Samsung waliliacha jambo hilo katika simu zao za Galaxy S21 za mwaka 2021. Dawa yake ni chombo kidogo cha kusomea kadi: upande mmoja hutiwa kadi, na upande wa pili huchomekwa katika tundu lile lile la kuchajia. Anunuaye na atazame tundu la simu yake kwanza. Simu mpya nyingi zina tundu la USB-C, za zamani zina micro-USB, na iPhone zilikuwa na Lightning mpaka ilipotoka iPhone 15 mwaka 2023, ambayo ina USB-C. Kwa simu za Android yatakiwa pia uwezo uitwao OTG, ambao kanuni zake zilitolewa mwaka 2001. Maana yake ni hii: simu ikiungwa na kompyuta huwa ndiyo yenye kuamrishwa, ikiungwa na kisomea kadi yapasa iwe ndiyo yenye kuamrisha na kutoa umeme. Katika baadhi ya simu uwezo huo huwa umezimwa, na lazima uuwashe mwenyewe katika mipangilio. Wasiojua hukirudisha chombo dukani, wakagombana na muuzaji bure.

Sasa nije katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Miaka iliyopita nilikuwa na kadi yenye darsa za mwalimu wangu za Ramadhani nzima. Siku moja niliitia katika simu nyingine, simu ikaniandikia kuwa kadi ina kasoro, na kwamba yataka kufomatiwa. Mimi nikadhani kufomati ni kutengeneza. Nikabonyeza. Kadi ikarudi nyeupe kama ubao wa mwanachuoni uliokwisha oshwa. Na lililo baya zaidi, nilianza kurekodi mambo mengine juu yake siku ile ile. Baadaye ndipo nilipofahamishwa kuwa kufomati kwa haraka hufuta fihirisi tu, na kurasa zenyewe mara nyingi hubaki mpaka ziandikwe juu yake. Lau ningaliitoa kadi nikaiweka kando, huenda mwenye kompyuta angalizipata. Mwalimu wangu amekwisha fariki.

Kwa hiyo tafadhalini, maneno hayo yakitokea msibonyeze. Huenda kadi ni nzima, na chombo ndicho kisichoifahamu. Kadi zenye zaidi ya gigabaiti 32, ambazo kanuni zake zilitoka mwaka 2009, hupangwa kwa njia iitwayo exFAT, na vyombo vya kale haviijui. Jaribuni chombo kingine, au kompyuta. Na kuna jambo la pili, ambalo wachache wanalijua. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, baadhi ya simu huweza kuifanya kadi kuwa sehemu ya tumbo lao wenyewe. Kadi ya namna hiyo hufungwa kwa ufunguo wa siri uliomo katika simu ile, wala haisomeki penginepo. Basi simu ya marehemu isitupwe kabla kadi yake haijafunguka kwingine. Huenda ufunguo umo ndani yake.

Mama yule nilimwazima kisomea kadi changu, cha zamani. Simu yake ikaandika maneno yale yale, naye akanitazama. Nikamwambia, toa. Kijana wa jirani akatuletea cha kwake kipya, na folda zote zikafunguka. Tulizinakili ndani ya simu, kisha nikamtaka afungue sauti moja moja asikilize, kwa kuwa jina la faili kuonekana si dalili ya kuwa faili ni zima. Baada ya hapo ndipo tulipochagua "ondoa" katika simu, na kisha tukakichomoa chombo. Mwenye kukinyofoa simu ikiwa bado yaandika aweza kuiharibu kadi nzima. Picha za mabibi sikuzitazama. Alizinakili mwenyewe, nami nimegeuka.

Nasaba ile ilifika babu wa saba. Aliiandika usiku ule ule katika daftari la mwanawe, na nakala ya sauti akampelekea dada yake.

Mimi nami nimekwisha nunua kisomea kadi kipya. Kiko chuoni, na anayekihitaji aje baada ya alasiri, siku yoyote ila Ijumaa.