Serikali Ikichoma Keja Yako kwa Bahati Mbaya, Nani Analipa?

Cheki hii stori. Serikali inawasha moto msituni makusudi, ndio matawi na nyasi kavu ziishe mapema, moto mkubwa ukikuja ukose cha kula. Si wazimu. Marekani hufanya hivyo kila mwaka na mara nyingi inaenda poa. Idara yao ya Misitu husema ni kama moto mmoja tu kati ya elfu ndio hutoroka.

Sasa buda, omba huo mmoja usiwe karibu na kwenu.

Aprili 6, 2022, huko New Mexico, wasee wa hiyo idara waliwasha moto wa kupangwa karibu na mlima Hermits Peak. Upepo ukaubeba. Ule wa Calf Canyon ndio noma zaidi: marundo ya matawi yalichomwa Januari, watu wakadhani yamezima, kumbe moto ulijificha chini ya theluji miezi mitatu. Mioto yote miwili ikashikana, ikala zaidi ya ekari 341,000. Hiyo ni kaunti ya Nairobi karibu mara mbili. Keja mamia zikaenda. Mvua ikakuja na mafuriko, juu miti ya kushika udongo haikuwepo tena.

Kushtaki serikali kuu ya huko kwa kitu kama hii ni ngumu, sheria inakinga sana maamuzi ya kikazi. Ndio maana Bunge lao lilitunga sheria spesheli, Biden akatia sahihi Septemba 2022. Doo iliyotengwa ilifika karibu dola bilioni 5.5, na kazi ya kulipa wakapewa FEMA, shirika la majanga.

Utasema wasee wamechomoka. Zii. Mabati unaweza pata risiti, lakini msitu ulioachiwa na babu unauwekea bei gani? Na familia nyingi huko Mora na San Miguel hurithi ardhi kizazi hadi kizazi bila kubadilisha makaratasi. Fom inataka jina lako, hati iko na jina la marehemu. Kama shamba lenu bado ni la guka, hiyo unaielewa bila kuelezwa. Malipo yalijikokota hadi watu wakapeleka FEMA kortini.

Beef nyingine ilikuwa uchungu. FEMA ilisema italipa hasara za pesa pekee. Sasa yule alitoroka usiku, akarudi akapata kwao ni jivu? Desemba 2024 jaji aliamua FEMA ilikosea kufungia nje hasara za aina hiyo. Mimi niko na jaji hapo.

Si ati wawache kuchoma, msitu mkavu ni bomu. Lakini doo ikae tayari kabla kiberiti kuwashwa. California wamejaribu: wametenga mfuko wa dola milioni 20 kwa mioto ya kupangwa ikitoroka, na moto mmoja unaweza kulipiwa hadi dola milioni 2.