Mgeni Njoo, Lakini Kwanza Lipa Kiingilio

Kuna uongo mmoja unaozunguka mjini, na wanaoueneza ni watu wastaarabu wenye soksi safi. Wanasema siku hizi gofu ni ya kila mtu. Utausikia kila Kenya Open ikikaribia, utausikia kwenye hotuba za wafadhili, na utausikia kwa karani wa klabu akikutajia bei kwa simu huku akisisitiza neno "nafuu" kama muuza viazi wa jioni. Mimi nasema gofu ya Kenya ina nyasi nyingi na milango michache. Na kama wewe ni kijana uliyehama mji juzi, unatafuta klabu ya bei unayoiweza, kuupiga huo mpira ndiyo itakuwa kazi rahisi kuliko zote.

Kabla hujaniuliza mwandishi wa makala za kulipwa kwa kipande anatafuta nini kwenye gofu, tumalizane na hilo. Nilikulia mtaa uliopakana na uwanja. Kutoka kidato cha pili nilikuwa kedi wikendi na likizo, nikibeba mifuko iliyonizidi uzito. Jumatatu, siku ambayo makedi huachiwa uwanja, tulicheza na fimbo za kuokoteza, wengine pekupeku, na kulikuwa na vijana pale waliowashinda mabosi wao vibaya sana. Chuo nilitoka mwaka wa pili, karo ilipokataa kujipanga. Gofu haikuniacha, kwa sababu ilikuwa mikononi. Kwa hivyo sitafuti hadhi, bana. Natafuta mashimo tisa, Jumamosi asubuhi, na mahali pa kutembea bila kukwepa bodaboda.

Mwaka jana kodi ya Nairobi ilinishinda, nikahamia mji mmoja wa Bonde la Ufa. Sitautaja, kwa sababu una klabu moja tu ya gofu na ukiutaja mji umeitaja klabu. Nilipiga simu, kisha nikaenda mwenyewe. Hii ndiyo "nafuu" niliyopewa. Kiingilio, shilingi 120,000, hazirudishwi. Ada ya mwezi, 5,500. Kima cha chini cha kutumia kwenye baa na jikoni, 3,000 kila mwezi, ule usile. Kedi, ambaye ni lazima, 800 kila raundi.

Tufanye hesabu polepole, maana klabu hizi hupenda usiifanye. Tuseme nacheza mara nne kwa mwezi, yaani raundi 48 kwa mwaka. Ada ni 66,000. Baa na jikoni, 36,000. Makedi, 38,400. Jumlisha kiingilio, unapata 260,400 kwa mwaka wa kwanza. Gawa kwa raundi 48: kila raundi inanigharimu 5,425. Sasa mgeni wa siku, asiye mwanachama, analipa 2,000 na kedi wake 800. Jumla 2,800. Umeona? Mwanachama mpya analipa karibu mara mbili ya mgeni, kwa nyasi zile zile.

Utaniambia ile 3,000 ya baa inarudi tumboni. Sawa, itoe. Utaniambia pia kiingilio hulipwa mara moja tu. Sawa, kitoe vilevile. Kuanzia mwaka wa pili raundi inakuwa 2,175, na kila nikicheza naokoa 625 nikilinganisha na mgeni. Mara 48, ni 30,000 kwa mwaka. Kurudisha 120,000 kwa mwendo huo, nahitaji miaka minne. Niambie, katika kizazi chetu, nani anajua atakuwa mji gani miaka minne ijayo? Sisi tunahama kazi ikihama. Mkataba wa miezi sita Nakuru, mwaka mmoja Kisumu, kisha unarudi kwa mathee Kasarani kujipanga. Kiingilio kisichorudishwa ni kodi ya kuhama, na anayelipa ni yule ambaye hana nyumba yake.

Basi si ningekuwa mgeni wa siku tu, nilipe 2,800 zangu na kwenda? Niliuliza. Nikaambiwa mgeni lazima aje na mwanachama, au awe mwanachama wa klabu nyingine. Nikauliza uanachama unapatikanaje. Nikaambiwa lazima mwanachama mmoja akupendekeze, mwingine amuunge mkono, kisha jina lako na picha vibandikwe ubaoni ili mwenye pingamizi aseme. Buda, nimefika mji huu wiki tatu zilizopita. Ninaowajua ni mama wa mboga, kinyozi na mwenye nyumba. Nani kati yao aniunge mkono?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Klabu zetu zimeigeuza: mgeni njoo na mwenyeji wako, la sivyo rudi ulikotoka. Na utaratibu huu haukuanza juzi. Klabu kongwe za gofu nchini zilianzishwa na walowezi: ile ya Royal Nairobi mwaka 1906, ya Mombasa mwaka 1911. Mwafrika aliingia humo kama kedi, mpishi au mkata nyasi. Fomu ya wapendekezaji wawili ilikuwa njia ya adabu ya kusema "tunataka watu wa aina yetu" bila kutaja aina hiyo. Uhuru ulipokuja, rangi ikatoka kwenye fomu. Fomu yenyewe ikabaki. Leo inachuja kwa pesa na kwa ukoo, lakini bado inachuja.

Hapo wazee wa klabu huniambia kwamba gofu ndivyo ilivyo, ni desturi ya mchezo tangu Uskoti. Hapo ndipo nacheka, maana Uskoti yenyewe inawasuta. Uwanja wa Old Course wa St Andrews, unaoitwa nyumbani kwa gofu duniani kote, uko kwenye ardhi ya umma. Unasimamiwa na amana iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1974. Ile klabu maarufu ya R&A ina jumba zuri pale ukingoni, lakini uwanja si wake. Nafasi nyingi za kucheza hutolewa kwa kura, wakazi wa mji wana tiketi yao ya mwaka kwa bei ya chini, na Jumapili uwanja kwa kawaida hufungwa ili watu watembeze mbwa na watoto juu ya nyasi zile zile takatifu. Mgeni kutoka mbali hulipa ghali, sikatai. Lakini hakuna anayemuuliza amependekezwa na nani.

Vuka bahari uende Marekani, nchi ambayo hakuna anayeituhumu kwa ujamaa. Bethpage Black, uwanja uliopokea U.S. Open mwaka 2002 na 2009, uko ndani ya hifadhi ya umma ya jimbo la New York. Watu hulala ndani ya magari kwenye maegesho yake wakisubiri nafasi ya asubuhi. Torrey Pines, uliopokea mashindano hayo mwaka 2008 na 2021, ni mali ya jiji la San Diego. Kwa hivyo mtu akikwambia uwanja wa watu wote hauwezi kuwa na kiwango, mwambie mabingwa wa dunia wametolewa jasho na viwanja ambavyo fundi bomba hucheza Jumanne.

Hata hapa kwetu mfano upo. Nairobi kuna Golf Park, pale Ngong Racecourse, ndani ya duara la mbio za farasi. Unalipa, unacheza, unaenda zako. Mbingu hazijaanguka.

Hoja ya pili ya wazee ni ya matunzo: maji, mashine, mishahara ya wakata nyasi. Hii naiheshimu. Ukiona vyaelea jua vimeundwa. Lakini hebu pita kwenye uwanja wowote wa mji mdogo Jumanne saa nne asubuhi. Utaona wastaafu watatu, kedi mmoja anayesinzia, na kwarara wakidonoa mashimo yote kumi na nane. Hizo ni saa zinazokatiwa nyasi na kumwagiwa maji bila kuingiza hata soo. Wauzie vijana saa hizo langoni, kwa M-Pesa, na mlezi wa uwanja atalipwa vizuri zaidi. Wakiogopa kwamba tutaharibu nyasi, wape makedi kazi ya kumfundisha kila mgeni kwa nusu saa kurudisha kipande cha udongo alichong'oa na kusawazisha mchanga alioukanyaga. Makedi wanayajua hayo kuliko wanachama, na wangepata kazi katikati ya wiki.

Nina ugomvi na upande wa pili pia. Wapo marafiki zangu, watu wa maandamano na nyuzi ndefu za X, wanaosema viwanja hivi vilimwe au vijengwe nyumba. Royal Nairobi iko hapa, Kibera iko pale, katikati kuna ua. Ukiitazama picha hiyo kutoka juu hasira inakuja yenyewe. Hasira naielewa. Suluhisho ndilo silitaki. Katika nchi hii, nyasi za mjini zikishagawanywa ploti, nani atazinunua? Wanachama wale wale. Wangari Maathai alisimama mwaka 1989 mnara usijengwe Uhuru Park, na miaka ya mwisho ya tisini akapigwa akiutetea msitu wa Karura. Leo Karura unalipa kidogo langoni, unaingia na viatu vyako vya mtumba, na wikendi hakuna pa kukanyaga kwa watu. Hakuna aliyekata miti ili uwe wa umma. Walifungua lango.

Sasa, kwa wewe uliyefungasha godoro juu ya pikapu na uko mji mpya, na mikono inakuwasha. Chagua hivi.

Kwanza, usikubali kutajiwa ada ya mwezi peke yake. Taka gharama ya mwaka mzima kwa maandishi, ukijumlisha kiingilio, kima cha baa na kedi, kisha gawa kwa raundi utakazocheza kweli, si zile unazoota. Ikizidi bei ya mgeni, unauziwa beji.

Pili, uliza wazi: mtu asiyemjua yeyote hapa anaingiaje? Klabu ikiwa na jibu zuri, kama vile nahodha au katibu kukutana nawe, kucheza nawe raundi moja na kukupendekeza mwenyewe, hiyo inataka watu. Klabu ikitazama viatu vyako kwanza, umeshajibiwa.

Tatu, uliza madaraja ambayo hayapo kwenye kipeperushi. Klabu nyingi zina daraja la vijana, la siku za kazi pekee, au la mwanachama anayeishi mbali. Hili la mwisho ni la maana sana kwetu. Kama klabu ndogo ya ulikotoka itakuweka kwa ada ya mtu wa mbali, baki nayo. Utapata hendikapu, ile nambari ya kiwango chako ambayo bila klabu huipati, na utaingia klabu za miji mingine kama mwanachama mgeni.

Nne, usidharau mashimo tisa. Uwanja mdogo hutumia maji kidogo na nyasi kidogo, na ukitaka kumi na nane unauzunguka mara mbili. Ule wa Mombasa una mashimo tisa na Bahari ya Hindi iko hapo pembeni inameza mipira. Mfumo wa dunia wa hendikapu ulioanza mwaka 2020 unazikubali alama za mashimo tisa. Mtu akikuambia tisa si gofu, muulize yeye mara ya mwisho alimaliza kumi na nane bila gari lini.

Lakini ujanja wa mtu mmoja mmoja hautoshi, na sitaki makala hii iishie kwenye ujanja. Kifungu cha 61 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote ya Kenya ni mali ya watu wa Kenya. Klabu inayokaa juu ya ardhi ya umma kwa mkataba wa kukodi imekopeshwa na sisi. Mkataba huo ukifika kuongezwa, uongezwe kwa masharti: siku mbili kwa wiki lango liwe wazi kwa mkazi yeyote atakayelipa bei ya siku, bila mpendekezaji, watoto wa shule za mtaa wawe na asubuhi yao, na makedi wacheze zaidi ya Jumatatu. Sharti likikataliwa, kaunti itafute mpangaji mwingine wa kukata nyasi.

Na hilo halitaletwa na makala. Kaunti yako ikitangaza kikao cha maoni ya umma kuhusu matumizi ya ardhi, huwa katikati ya wiki, ukumbi nusu tupu, soda ya moto. Wazee wa klabu hawakosi. Wakishindwa kuja humtuma wakili. Safari hii enda hata wewe, kaa mbele, na uwe na hesabu yako ya raundi 48 kwenye karatasi.