Mawese Yasibebeshwe Lawama ya Mawe ya Nyongo

Katika nyumba nyingi za Ujiji na Kigoma mjini, mgonjwa aliyeambiwa kuwa ana mawe katika kifuko cha nyongo hurudi nyumbani na agizo moja ambalo familia nzima hulikumbuka: asile mawese. Dumu huondolewa jikoni, migebuka huchemshwa kwa maji na chumvi, na hata watoto wasio na ugonjwa wowote hubadilishiwa chakula. Baada ya wiki chache maumivu hupungua, na kila mtu huamini kwamba adui amepatikana. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini chembe hiyo imefunika mambo makubwa zaidi, na mgonjwa ndiye anayelipa gharama yake.

Kosa linaanzia katika kuchanganya mambo mawili: kinachotengeneza jiwe na kinachoamsha maumivu. Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku. Sehemu yake huhifadhiwa katika kifuko kidogo kilicho chini ya ini, chenye nafasi ya mililita 30 hadi 50 tu. Mafuta yanapofika katika utumbo mwembamba, mwili hutoa homoni inayokiamuru kifuko kijikaze na kumwaga nyongo, ili mafuta hayo yapate kuyeyushwa. Jiwe likiwa limeziba mlango, kifuko hujikaza bila kupata njia, na hapo maumivu makali huanza. Aliyekula mchuzi wa mawese jioni kisha akaamka usiku wa manane akijikunja ana haki ya kuyashuku mawese. Hata hivyo, angekula chipsi au nyama ya kukaanga, yamkini yangemfika yaleyale. Jiwe lilikuwapo miezi mingi, pengine miaka, kabla ya chakula hicho.

Jinsi jiwe linavyotokea, wenyeji wa mkoa huu wana mfano wake karibu. Kule Uvinza, maji ya chumvi yakichemshwa hadi yapungue, hufika mahali ambapo hayawezi tena kuishikilia chumvi yote, nayo hujitenga ikawa punje. Nyongo nayo hubeba kolesteroli kwa msaada wa chumvi za nyongo na mafuta yaitwayo lesithini. Kolesteroli ikizidi uwezo wa wabebaji wake, punje huanza kujitenga. Na kifuko kisipojikaza mara kwa mara, punje hizo hupata muda wa kushikamana na kukua. Mambo mawili basi ndiyo ya kuchunga: nyongo iliyoelemewa na kolesteroli, na kifuko kilichotulia mno.

Kwa kipimo hicho, mshtakiwa wa kwanza ni uzito wa mwili uliozidi, kwa kuwa ini la mtu mnene humwaga kolesteroli nyingi zaidi katika nyongo. Wa pili ni wingi wa sukari na unga uliokobolewa: soda ya kila siku, chai iliyojaa sukari, maandazi asubuhi na ugali wa sembe mchana na usiku. Wa tatu ni upungufu wa nyuzinyuzi na wa kazi ya mwili. Wa nne huwashangaza wengi, nao ni njaa ya makusudi. Mtu anayejinyima chakula ili apungue haraka, akapoteza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, huongeza hatari ya kupata mawe, kwa sababu kolesteroli ya mwilini huhamia katika nyongo huku kifuko kikikosa chakula cha kukiamsha. Ndiyo maana hata mlo usio na mafuta kabisa kwa muda mrefu si kinga. Mafuta kiasi, yanayoliwa kwa nyakati zinazoeleweka, hukifanya kifuko kitoe kilichomo.

Historia ya Afrika Mashariki nayo ina la kusema. Hugh Trowell, tabibu aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1960 kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika, na mawe ya nyongo yalikuwa miongoni mwa yale aliyoyaona kuwa adimu. Baadaye yeye na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, waliuhusisha uhaba huo na vyakula visivyokobolewa vyenye nyuzinyuzi nyingi. Hoja yao haina budi kupokewa kwa tahadhari, kwa kuwa zama hizo hapakuwa na altrasaundi, na mawe mengi hukaa kimya bila kujulikana. Lakini wakati huo, kama ilivyokuwa karne moja kabla, mawese yalikuwa tayari kitoweo cha kila siku katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kilichobadilika tangu hapo ni vitu vilivyokuja kuyazunguka: soda, vya kukaanga, unga mweupe, na siku nzima ya kukaa.

Hayo si kusema kwamba mawese yanywewe kama maji. Karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote kina kilokalori zipatazo 120. Anayemimina bila kipimo ataongezeka uzito, na uzito utamrudisha palepale. Lakini rangi ile nyekundu ni dalili ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho ya mtoto. Kuyafukuza katika chungu cha familia nzima kwa sababu ya mgonjwa mmoja ni kuwanyima watoto bila kumponya mama yao. Kijiko kipimwe, na mafuta yasichomwe hadi rangi ipotee. Mgonjwa ambaye tayari anapata maumivu apunguze mafuta ya kila aina wakati akisubiri matibabu. Sahani iliyobaki mwambao huu unayo: maharage, kisamvu, matembele, dona, dagaa na matunda.

Ramadhani nayo huzua maswali. Funga inayofunguliwa kila magharibi si sawa na kujinyima kwa siku mfululizo. Hata hivyo, aliyekwisha kupata maumivu ya mawe ashauriane na daktari kabla ya mwezi kuandama, na futari yake isitawaliwe na vya kukaanga.

Lililo zito zaidi ni kwamba chakula kina mipaka. Mawe mengine hutokana na chembe nyekundu za damu zinazovunjika upesi, kama kwa wenye selimundu. Kijana wa aina hiyo asilaumiwe kwa alichokula. Ujauzito huongeza kolesteroli katika nyongo na kukilegeza kifuko, na aliyezaa mara nyingi amepita katika hatari hiyo mara nyingi. Tena, jiwe likishakuwa jiwe, mlo hauliyeyushi. Wanaokunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau huonyesha madonge ya kijani chooni kuwa ushahidi, lakini madonge hayo ni aina ya sabuni inayotokana na mafuta hayohayo, na mawe hubaki mahali pake.

Kwa sababu hiyo mhudumu wa afya asiishie kukataza mawese, wala asiyaite vidonda vya tumbo maumivu yote ya chembe ya moyo. Maumivu yanayokuja baada ya mlo au usiku, yakadumu kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa, yakashika upande wa kulia chini ya mbavu na kupanda mgongoni au bega la kulia, yanastahili altrasaundi. Mawe yakionekana kwa bahati, bila dalili, mara nyingi hayahitaji kisu, maana watu wapatao wanane kati ya kumi wenye mawe hawapati maumivu maishani. Yakiwa yanaumiza, tiba ya kudumu ni kukiondoa kifuko chenyewe, upasuaji uliofanywa kwanza na Carl Langenbuch mjini Berlin mwaka 1882 na ambao siku hizi hufanyika pia kwa matundu madogo.

Mgonjwa naye aambiwe waziwazi dalili ambazo hazingoji: homa na kutetemeka, macho kuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kinyesi kilichopauka, au maumivu yasiyoachia. Anayeishi Kalya au Buhingu, mwambao wa kusini, ambako safari ya kufika Kigoma mjini ni ya saa nyingi, hawezi kusubiri kuona kama mchuzi usio na mawese utamtuliza. Akiwa ameacha mawese na kuamini kwamba amekwisha kupona, ndiye atakayechelewa kuliko wote.