Waacheni walimu wa Rumonge waanzishe raga

Hoja ya wanaopinga ni hii: raga ya wachezaji 13 ni ghali na hatari, hivyo mashindano ya vijana yasimamiwe na klabu, na shule za Rumonge, Burundi, zifundishe hesabu. Ghali? Mpira mmoja, na mchanga wa Ziwa Tanganyika haulipiwi. Hatari? Wadogo huanza kwa kugusana, bila kuangushana. Lakini hili la klabu ni bovu kupita yote. Binti wa mvuvi aifuate klabu Bujumbura, zaidi ya kilomita 70, kwa nauli ya nani? Hata kwenye raga ya wachezaji saba, Kenya iliilaza Fiji 30–7 Singapore mwaka 2016 chini ya kocha Benjamin Ayimba, zao la Maseno School. Shule! Watoto wa Rumonge wako huko kila asubuhi tayari.