Kadi za sauti zisiwe mtego kwa vijana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowamalizia fedha vijana wetu hapa Bumbuli, nalo ni ununuzi wa kadi za sauti kwa ajili ya michezo ya kompyuta.

Mimi nina kibanda cha michezo hiyo. Mwaka huu mpwa wangu aliuza mbuzi wake, akateremka hadi Tanga kununua kadi ya sauti. Muuzaji alimwambia kuwa bila kadi hatasikia vizuri nyayo za adui mchezoni, na kwamba mkoromo uliokuwa katika hedifoni zake utakwisha. Tuliifunga, na kweli mkoromo ukaisha. Kesho yake niliitoa, nikachomeka hedifoni zile zile kwenye tundu la nyuma, lililo kwenye mazabodi yenyewe, badala ya tundu la mbele la kasha. Mkoromo haukuwepo! Waya wa tundu la mbele ulikuwa ukipita ndani ya kasha na kudaka kelele za umeme za vifaa vingine. Mbuzi ameuzwa bure.

Sisemi kwamba kadi hizi hazikuwahi kuwa na maana. Zamani kompyuta nyingi za aina hii zilijua kulia "pii" tu. Kampuni ya Creative ya Singapore ilipotoa kadi ya Sound Blaster mwaka 1989, wachezaji walipata muziki na sauti za watu. Lakini mwaka 1997 kampuni ya Intel ilitoa utaratibu wa AC'97, uliorahisisha kuweka sauti kwenye mazabodi kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 ukafuata ulio bora zaidi, HD Audio. Kisha Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa wananchi mwaka 2007, iliondoa njia ambayo michezo mingi iliitumia kuikabidhi kadi kazi ya kukokotoa sauti. Siku hizi nyayo zitoke kushoto au kulia, kwa kawaida hesabu hiyo hufanywa na mchezo wenyewe kwa nguvu ya prosesa.

Nilifanya jaribio. Niliwafunga vitambaa machoni vijana wanne, nikawa nabadilisha mazabodi na kadi, sauti ikiwa kiwango kile kile. Hakuna aliyetofautisha kwa uhakika. Nilipobadilisha hedifoni, wote walitambua mara moja.

Wapo wanaohitaji kadi nzuri, kama mwenye hedifoni za studio za omu 250 na zaidi, zinazotaka nguvu kubwa. Ambaye tundu lake limekufa, au mkoromo unaendelea hata nyuma, anaweza kutumia kadi ndogo ya nje ya kuchomeka kwenye USB.

Kwa hiyo nawaomba wauzaji wamruhusu mnunuzi asikilize kwanza kabla ya kutoa fedha. Nanyi vijana, anzeni kwa kubadilisha tundu, halafu hedifoni, na kadi iwe ya mwisho. Fedha ya mkulima wa chai na viazi haiokotwi njiani.

Mwenye Kibanda,
Bumbuli, Lushoto.