Chakula cha Skuli Kipimwe Tumboni

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kuandika hesabu za ghala hamjui mtoto aliyetoka kwao alfajiri kwa kikombe cha chai ya rangi. Ni juu ya mtoto huyo nitakalo kunena leo, mpenzi msomaji, na juu ya sufuria ipikwayo skulini kwa ajili yake. Kwani husikia barazani, hapa kwetu pwani, watu wakilalama kuwa watoto wa siku hizi wamedeka: wanapewa chakula, nusu wanakila na nusu wanakimwaga, mpaka mbuzi na kunguru wananenepa nyuma ya jiko la skuli. Uchungu wa wasemao hayo ni wa haki. Lakini lawama, kwa maoni yangu, imepelekwa nyumba isiyo yake.

Nchi yetu haikuanza jana kuwalisha wanafunzi. Sisi tuliokuwa madawatini mwaka 1979 twayakumbuka maziwa ya Nyayo na foleni zake. Mwaka 1980 Shirika la Chakula Duniani likaanza kusaidia kuwapa watoto chakula cha mchana. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake wa kununua chakula cha humu humu nchini, na mwaka 2018 shirika hilo likaikabidhi serikali kazi yote. Hilo si jambo dogo. Katika sehemu kame za Kilifi, Kwale na Tana River, wako watoto ambao sufuria ya skuli ndiyo mlo wao wa hakika kwa siku nzima.

Basi na tuitazame sufuria yenyewe. Kipimo kilichozoeleka katika mpango huo, kwa mtoto mmoja kwa siku, ni gramu 150 za mahindi, 40 za maharagwe, 5 za mafuta na 3 za chumvi. Ndiyo pure yetu, ambayo ndugu zetu wa bara huiita githeri. Ukipiga hesabu utapata kalori kama 700, karibu theluthi ya mahitaji ya mtoto wa miaka 10 kwa siku. Cha kumpa nguvu kimo, na cha kumjenga mwili kimo. Lakini mahindi meupe na maharagwe hayana vitamini A ya kulinda macho, wala vitamini C ya kutosha. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe nayo huingia mwilini kwa shida yakikosa kusindikizwa na kitu kama limau au embe. Na chuma ndicho anachokihitaji mno msichana aliyebaleghe. Tangu mwaka 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa pakiti utiwe vitamini na madini, lakini punje nzima zinazochemshwa skulini haziguswi na sheria hiyo.

Hesabu hiyo yote, tena, ni ya chakula kilicholiwa. Kilichorudi jikoni na sahani hakina kalori. Chukua mfano wa skuli yenye watoto 400. Mahindi na maharagwe ya kila mmoja ni gramu 190, yaani kilo 76 kwa siku. Kila mtoto akiacha robo tu ya sahani yake, zimekwenda kilo 19. Kwa siku tano ni kilo 95, gunia zima na zaidi. Bandu bandu huisha gogo. Na daftari la ghala litaandika kuwa watoto 400 wamekula.

Kwa nini chakula kisiliwe na mwenye njaa? Nimepata kusimama karibu na jiko la skuli moja wakati wa mchana, nikaona watoto wakichagua mahindi na kuyasukuma maharagwe pembeni. Nilipouliza, kijana mmoja aliniokotea harage moja sahanini, akanitia mkononi. "Ami," akasema, "hili ukilirusha laua ndege." Nikalibana kwa vidole; halikubonyea. Mpishi, mama wa makamo, hakuwa mvivu. Maharagwe yalikaa sana ghalani, kuni zilikuwa mbichi, na kengele ya mchana haingoji. Basi yule mtoto alikosa nini? Maharagwe mabichi ya ndani humsokota mtu tumbo na kumtapisha. Aliyeyaacha alikuwa na akili kuliko aliyemlazimisha.

Sisi tuliopitia chuoni tulifunzwa, kabla hata ya kujua kuandika, kutoacha punje sahanini. Israfu imekatazwa, na katazo hilo silipunguzi hata chembe. Lakini nauliza: mwenye israfu hapa ni nani? Ni mtoto wa miaka 7 aliyejaziwa sahani sawa na kijana wa miaka 14, au ni aliyempakulia? Ni mwanafunzi asiyekuwapo, au ni yule apikaye kwa daftari la mwanzo wa mwaka asihesabu waliofika leo? Mwezi wa Ramadhani, wengi katika darasa za juu wakiwa wamefunga, mbona sufuria huwekwa ile ile? Na mahindi yaliyowekwa sakafuni penye unyevu yakaota kuvu, hayo hakuna mtoto aliyeyaharibu. Wala isidhaniwe kuwa kuyapika ndiyo kuokoa mali. Mwaka 2004 sumu ya kuvu iliyo katika mahindi iliua watu 125 huko mashariki ya nchi. Mahindi ya namna hiyo hutupwa, na anayestahili kuulizwa ni mwenye funguo za ghala.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kuwa serikali haina uwezo wa kuwapikia watoto wa pwani samaki wa nazi, na kwamba mwenye njaa hana miiko. Sikuomba samaki wa nazi, ingawa si dhambi kumtamania mtoto. Nasema mbaazi na kunde hustawi katika mashamba yetu, hustahimili jua kuliko maharagwe, na hakuna mtoto wa hapa asiyejua ladha yake tangu alipoacha ziwa. Zikinunuliwa kwa mkulima wa jirani badala ya maharagwe yaliyosafiri mwendo mrefu, hiyo ni kubadilisha tu, si kuongeza. Mchicha, majani ya kunde, na kisamvu kilichotwangwa kikaiva sawasawa, hivi ndivyo viletavyo vitamini A isiyokuwamo katika pure, hasa vikipikwa na yale mafuta kidogo. Fungu la mchicha na malimau machache hayafikii bei ya lile gunia linalomwagwa.

Kwa hivyo yafaa mambo machache yafanywe, na mengi yake hayangoji bajeti. Walimu wahesabu waliofika kila asubuhi, ndipo mpishi apime. Nafaka zilowekwe usiku kucha, zitaiva upesi na kuni zitapungua. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Wadogo wapakuliwe kidogo kwanza, na atakaye nyongeza apewe bila ya kukaripiwa. Mama wapishi walipwe kwa wakati, na waulizwe maoni yao, kwa kuwa wao ndio wanaoiona sahani ikienda na kurudi. Kamati za wazazi nazo zisitosheke na kukagua stoo. Ziende siku moja kwa wiki baada ya mlo, na mizani, zipime makombo, na kilo zake ziandikwe ubaoni kila mzazi azione.

Ninaloomba zaidi ya yote ni kuwa watu wazima wale chakula hicho. Mwalimu mkuu, mkaguzi, diwani, na hata sisi waandishi tunapofika skulini, tusitengewe wali wa pembeni. Tupakuliwe kwenye sufuria ile ile, sahani ile ile, tukae na watoto tule. Harage likigoma kutafunika, mjadala wa nani amedeka utakwisha hapo hapo.

Watoto wetu hawakuomba kuzaliwa katika miaka ya ukame. Wamekuja skulini kwa sababu tuliwaambia waje, na mezani tukawaahidi mlo. Ahadi hiyo haijatimizwa mpaka chakula kimefika tumboni.